Lafudhi ya Muuaji na Lugha ya Marehemu

Mtu akiwa nyumbani kwake, akisema na mkewe na wanawe kwa lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, hana lafudhi. Lafudhi huzaliwa pale asikiapo mgeni. Mtu wa Mvita hajijui kuwa asema Kimvita mpaka Mwunguja amcheke, na Mwunguja naye hajijui mpaka afike Lamu. Jambo hili ni dogo, wala halihitaji shahada ya chuo kulifahamu, lakini naona kuwa ndilo ufunguo wa swali gumu linalohusu sinema zilizotengenezwa juu ya Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, yaani mauaji ya watu kiasi cha milioni 6 waliouawa na Wanazi na wasaidizi wao katika Vita Kuu ya Pili. Swali lenyewe ni hili: mwigizaji aliyepewa kazi ya kuwa muuaji, na yule aliyepewa kazi ya kuwa marehemu, waseme kwa lugha gani, na kwa sauti ya nani?

Yamkini msomaji atasema kuwa hilo ni shauri la mafundi wa sinema, si la watu wanaotafuta mema na mabaya. La. Mshoni akikosea rangi ya kanzu, amekosea rangi ya kanzu tu. Lakini ampaye mtu sauti ampa nafsi. Aghalabu masikio yetu hutoa hukumu kabla akili haijaketi barazani. Basi mwenye kutia sauti katika kinywa cha muuaji atufundisha, tutake tusitake, kwamba uovu watoka kwetu au watoka kwao.

Tuchukue sinema ya Steven Spielberg ijulikanayo na wengi, Schindler's List, iliyotolewa mwaka 1993. Oskar Schindler, mfanyabiashara aliyezaliwa Moravia, aigizwa na Liam Neeson, mtu wa Ireland ya Kaskazini. Amon Göth, mkuu wa kambi ya Płaszów, aliyezaliwa Vienna, aigizwa na Mwingereza Ralph Fiennes. Wawili hawa katika maisha yao walisemezana Kijerumani, wala hakuna aliyemsikia mwenzake kuwa na ugeni mkubwa. Katika sinema wasemezana Kiingereza kilichotiwa rangi ya Ulaya ya Kati. Ni kama kwamba kila mmoja yuko ugenini katika chumba chake mwenyewe, akinywa mvinyo wake mwenyewe, akijikwaa kwa lugha ya watu. Hilo laweza kusameheka, maana kila sinema ina mapatano yake na watazamaji. Lakini sikiliza vema zaidi: pale watu wanapofikiri, wanapojadiliana bei, wanapojuta, wasema Kiingereza, pale askari wanapowafukuza watu nyumbani mwao katika mtaa wa Kraków, amri zapigwa kwa Kijerumani. Fikira zimepewa lugha moja na ukatili umepewa lugha nyingine. Mtazamaji asiyejua Kijerumani atoka katika jumba la sinema akiamini, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba hiyo ni lugha ya kubweka. Nami naisifu sinema hiyo kwa mambo mengi, na uigizaji wa Fiennes ni wa kutisha hasa kwa sababu haubweki: Göth wake ni mtu mchovu, mwenye tumbo la kunywa, mwenye kutaka kupendwa. Ni neno la haki, basi, kusema kwamba mwigizaji aliifahamu kazi kuliko mapatano ya lugha aliyowekewa.

Nimewahi kusomesha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969. Kijana mmoja aliyepewa sehemu ya Shylock aliisoma kwa Kiswahili cha kuvunjavunja, mfano wa mwenye duka mgeni katika vichekesho vya redio. Darasa zima likacheka. Nikamwuliza sababu, maana mfasiri amempa Shylock Kiswahili safi sawasawa na alichompa Antonio. Alijibu kwamba alitaka wenzake wamjue mara moja kuwa huyo ndiye mbaya. Jibu lake lilikuwa na ukweli kupita alivyodhani. Hakusema kwamba Myahudi wa Venisi lazima awe na lafudhi, kwa kuwa hakujua wala hakujali alivyosema Myahudi wa Venisi. Alisema kwamba ubaya una lafudhi. Na alilifundishwa na nani, kama si na vichekesho vyetu wenyewe, ambavyo ndani yake mwizi, mlafi na mpumbavu kila mmoja hupewa matamshi ya kabila la jirani? Wanazi walitumia hila iyo hiyo: katika sinema zao za chuki waliwapa Wayahudi Kijerumani cha kukwama na cha kudhihakiwa. Sinema za Marekani zilizowafanya Wanazi wote waseme Kiingereza cha koo zimeitwaa fimbo ile ile na kuigeuza upande wa pili. Fimbo haikuwa haki kwa kuwa sasa yampiga mwenye hatia.

Hapa ndipo nataka kuitaja sinema isiyotajwa sana, Conspiracy ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Frank Pierson. Yasimulia mkutano wa tarehe 20 Januari 1942, katika nyumba nzuri kando ya ziwa la Wannsee, Berlin, ambapo wakuu 15 wa dola na wa chama walikaa kwa muda wa kiasi cha saa moja na nusu chini ya uenyekiti wa Reinhard Heydrich, wakapanga jinsi idara zao zitakavyosaidiana katika kuwaangamiza Wayahudi wa bara zima. Wajumbe wengi walikuwa na shahada ya udaktari. Kumbukumbu ya mkutano iliandikwa na Adolf Eichmann, na nakala moja iliyosalia iligunduliwa mwaka 1947. Waongozaji wa Kijerumani walikwisha kuitengeneza habari hiyo kwa Kijerumani mwaka 1984. Lakini katika Conspiracy, Kenneth Branagh aliye Heydrich na Colin Firth aliye Stuckart, mwanasheria, wasema Kiingereza chao cha kila siku, kile cha mawakili na wakurugenzi wa London. Hakuna lafudhi ya kubuni. Waombana radhi, wasifu chakula, wakatizana kwa adabu, wabishana juu ya maana ya neno la sheria. Mtazamaji wa Uingereza hana mlango wa kutokea. Hawezi kusema, hao ni watu wengine. Awasikia kama alivyowasikia juzi katika halmashauri ya chuo au ya benki. Nami, niliyekaa katika halmashauri nyingi, nilipoitazama nilimtambua kila mmoja: yule anayekubali kabla hajaulizwa, yule anayepinga utaratibu wala hapingi jambo lenyewe, yule anayetazama saa.

Kwa hiyo nasema kwamba Kiingereza kitupu katika kinywa cha muuaji ni cha kweli zaidi kuliko Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, ijapokuwa vyote viwili si lugha aliyoisema. Cha kwanza ni tafsiri. Cha pili ni kinyago. Mfasiri humchukua mtu kutoka nyumbani kwake akamkaribisha nyumbani kwetu. Mwenye kinyago humwacha mlangoni ili tumwogope. Katika Judgment at Nuremberg ya mwaka 1961, Stanley Kramer alilionyesha jambo hili waziwazi. Wakili wa washtakiwa, aliyeigizwa na Maximilian Schell, aanza kusema Kijerumani, na mkalimani asikika. Kisha kamera yamsogelea ghafula usoni, na tangu hapo asema Kiingereza. Mapatano yametiwa sahihi mbele ya macho yetu, na hakuna aliyedanganywa.

Lakini je, kanuni hii yafaa kwa waliouawa pia? Hapa sina budi kwenda pole pole, kwa sababu naona haifai, na sababu yake si ya ufundi.

Lugha katika kambi haikuwa pambo la maisha. Ilikuwa chombo cha kuua. Primo Levi, mkemia wa Turin aliyenusurika Auschwitz, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba Waitaliano wengi walikufa katika siku za mwanzo kwa sababu hawakujua Kijerumani. Amri ilitolewa mara moja, kisha likafuata pigo. Asiyefahamu namba yake ilipoitwa kwa Kijerumani au kwa Kipolandi alikosa chakula, na aliyekosa chakula hakupata nguvu ya kujifunza. Levi mwenyewe, aliyejua Kijerumani kidogo cha vitabu vya kemia, alimlipa mfungwa mwenzake wa Alsace kwa mkate ili amfundishe haraka. Mkate kwa maneno: hiyo ndiyo iliyokuwa bei. Tena Wayahudi wa Polandi waliwashangaa Waitaliano, wakiona vigumu kusadiki kwamba mtu aweza kuwa Myahudi na asijue Kiyidishi. Sasa, sinema inayowafanya wafungwa wote wa Auschwitz wasikilizane kwa lugha moja imewaondolea mojawapo ya mateso yao makubwa. Imewapa neema ambayo hawakuipata, na imewanyima watazamaji sababu ya vifo vingi.

Nje ya kambi mambo yalikuwa yayo hayo. Katika Warszawa, Wayahudi waliojificha upande wa pili wa ukuta kwa hati za bandia walihitaji mambo mawili: uso usiowasuta na ulimi usiowasuta. Wengi waliokulia katika nyumba za Kiyidishi walisema Kipolandi chenye mkunjo fulani wa sauti, na kwa mkunjo huo walaghai waliwatambua na kuwauza. Wasomaji wa Kitabu cha Waamuzi wakumbuka mauaji ya kivuko cha Yordani, ambapo mtu aliulizwa aseme Shibolethi, naye akiikosa sauti moja alichinjwa. Sasa katika The Pianist ya mwaka 2002, Roman Polanski, ambaye akiwa mtoto alinusurika mtaa wa Wayahudi wa Kraków, amewapa Wapolandi na Wayahudi Kiingereza, na Wajerumani amewaachia Kijerumani chao. Mpango huo una akili: twakaa ndani ya masikio ya Szpilman, na lugha ya adui yatujia kutoka nje kama ilivyomjia yeye. Walakini Kiingereza kimoja cha wote kimeufuta mpaka uliokuwa baina ya Mpolandi na Myahudi, mpaka ambao ulikuwa wembamba wa irabu moja, na juu yake watu walikufa. Polanski ameyaonyesha magofu ya Warszawa kwa uaminifu mkubwa. Mpaka huu hakuweza kuuonyesha, kwa maana haukuwa wa macho.

Quentin Tarantino, ambaye sinema zake sizipendi kwa kawaida, ameliona jambo hili kuliko wacha Mungu wengi. Katika mwanzo wa Inglourious Basterds ya mwaka 2009, afisa wa SS azungumza na mkulima wa Kifaransa, kisha aomba kwa upole wahamie Kiingereza. Mtazamaji wa Marekani adhani ni mapatano yale ya kawaida ya sinema, apumua kwa kuwa hatasoma tena maandishi chini ya picha. Kumbe chini ya sakafu imelala familia ya Kiyahudi isiyojua Kiingereza, na afisa amechagua lugha hiyo ili wauzwe bila ya wao kujua. Raha yetu ya kufahamu ndiyo kifo chao cha kutofahamu. Roberto Benigni naye, katika sinema yake ya mwaka 1997 itwayo La vita è bella, amligeuza jambo lile lile kuwa la upendo: baba asiyejua neno moja la Kijerumani ajitolea kumfasiria askari wa kambi, na zile sheria za kutisha azifasiri kwa mwanawe kuwa ni kanuni za mchezo wa kushindania kifaru. Wengi wamemlaumu kwa kuifanya kambi mahali pa mzaha. Mimi naona kwamba katika dakika zile tatu nne ameonyesha kitu cha kweli, kwamba katika kambi mkalimani alikuwa na mamlaka juu ya roho za watu, na kwamba baba huyu ameyaiba mamlaka hayo.

Kiyidishi, basi. Kabla ya vita kilisemwa na watu kiasi cha milioni 11, na wengi sana wa wale milioni 6 walikuwa watu wake. Kilikuwa na magazeti, mashule, michezo ya kuigiza, na lahaja zake: Mlitwaki wa Vilna alitamka irabu mbali na mtu wa Lublin, na kila mmoja alimcheka mwenziwe, kama sisi na majirani zetu wa pwani. Leo kingali hai vinywani mwa wacha Mungu wa Brooklyn na Jerusalem, wenye mtindo wao. Lakini Kiyidishi cha wapagazi na walimu wa Warszawa hakina mji tena. Waongozaji wengine wa siku hizi wameona wajibu wa kukirudisha. Agnieszka Holland, katika In Darkness ya mwaka 2011, sinema ya Wayahudi waliojificha katika mifereji ya maji machafu ya Lwów, alitaka lugha zote zisemwe jinsi zilivyosemwa: Kipolandi, Kiyidishi, Kijerumani na Kiukraini. László Nemes alifanya vivyo hivyo katika Son of Saul ya mwaka 2015, habari ya mfungwa wa Kihungari aliyelazimishwa na wenzake kuchoma maiti Auschwitz. Aliyekiigiza cheo cha Saul, Géza Röhrig, ni mshairi, wala si mtu wa sinema kwa kazi. Asema machache, kwa kunong'ona, lugha moja hata nyingine, na uso wake hauombi huruma. Kelele za lugha zaja kutoka nyuma ya kisogo chake, nyingine hazifasiriwi, nasi twafahamu kadiri alivyofahamu yeye, yaani nusu. Naiona kuwa mojawapo ya kazi za haki kabisa zilizopata kufanywa juu ya jambo hili.

Hata hivyo liko neno linalonisumbua, na silioni likisemwa. Mwigizaji wa leo aliyefundishwa Kiyidishi miezi michache akisema kwa maneno ya kukariri, ana lafudhi. Bila shaka anayo, kama Mwingereza aliyejifunza Kiswahili kwa sahani za santuri. Sisi tungemsikia Mwingereza huyo mara moja, tukatabasamu, tukamsahihisha. Nani amsikie mwigizaji wa Kiyidishi? Bibi wa mtaa wa Nalewki ambaye angetikisa kichwa na kusema, huyu si mtu wetu, hakuachwa hai. Na wajukuu ambao wangerithi sikio lake hawakuzaliwa. Nimesema mwanzo kwamba lafudhi huzaliwa pale asikiapo mgeni. Kosa nalo huzaliwa pale asikiapo mwenyeji. Katika sinema hizi makosa mengi yapita salama kwa sababu wenyeji wameuawa. Sisemi waigizaji waache. Nasema kwamba ule urahisi wa kutosahihishwa ni sehemu ya habari inayosimuliwa, na mwigizaji anayeujua atasema pole zaidi.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kutumia lugha asili ni usahihi na hesabu imefungwa. Tazama kazi ya Claude Lanzmann, Shoah, ya mwaka 1985, ambayo ndefu yake yapita saa 9 na ambayo haina mwigizaji hata mmoja. Mashahidi wasema kwa lugha iliyowajia. Simon Srebnik, aliyekuwa mtoto wa miaka 13 kule Chełmno akilazimishwa kuwaimbia askari, asema Kijerumani. Filip Müller, aliyefanya kazi katika tanuri za Auschwitz, asema Kijerumani. Waliofiwa watoa ushahidi kwa lugha ya wafishaji! Abraham Bomba, kinyozi wa Częstochowa aliyelazimishwa kuwanyoa wanawake wa Treblinka kabla ya kuingizwa katika gesi, asema Kiingereza, maana baada ya vita alihamia Marekani. Na Kiingereza chake kina lafudhi nzito. Lakini lafudhi hii haikutiwa na mwalimu wa waigizaji. Ni njia aliyopita: mji wake, kambi, meli, duka la kinyozi la ng'ambo. Kila irabu iliyopinda ni mahali alipofukuzwa. Nilipokwisha kumsikia Bomba sikuweza tena kuzisikia lafudhi za kubuni kwa masikio yale ya zamani. Na anapofika mahali asipoweza kuendelea, anyamaza, mkasi ukiendelea kulia hewani, na katika kimya kile hakuna tena swali la lugha.

Tena Lanzmann hakujua Kipolandi, akaacha kazi ya mkalimani isikike yote: swali kwa Kifaransa, kisha Kipolandi, jibu la mkulima, kisha Kifaransa. Wahariri wengine wangekata. Kwa kutokata ameyaacha mambo ambayo mkata angeyaficha. Wakulima fulani waliwataja Wayahudi kwa neno la Kipolandi la kudogosha, lenye dharau ndani yake, na mkalimani kwa adabu yake alilifasiri kwa neno la kawaida. Mtu wa Kiswahili alijua jambo hili kabla ya kuelezwa: ni kama mtu aliyesema "vijiyahudi", na mkalimani akasema "Wayahudi". Silabi mbili zimeanguka, na ndani yake mlikuwa na miaka mingi ya ujirani mbaya.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki tuna nafasi moja ya kuonja jambo hili kwa ulimi wetu. Nirgendwo in Afrika, sinema ya Caroline Link ya mwaka 2001 iliyopata tuzo ya Oscar kwa sinema za lugha za kigeni, yasimulia familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya mwaka 1938. Imetokana na kitabu cha Stefanie Zweig, aliyeyaishi mambo hayo utotoni. Yasemwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili. Mume, mwanasheria aliyegeuka kuwa mwangalizi wa shamba, aigizwa na Merab Ninidze, mzaliwa wa Georgia. Mpishi Owuor aigizwa na marehemu Sidede Onyulo wa Kenya. Mtazamaji wa Berlin ayasoma maneno ya Owuor chini ya picha. Sisi twayasikia, na maandishi twawaachia wao. Kiswahili chake ni cha bara, cha shambani, si cha Mvita, na ndivyo ilivyopasa. Mwanzoni mke, Jettel, hataki kujifunza lugha ya Owuor, ataka Owuor ndiye ajifunze Kijerumani, lugha ambayo wenyewe wamekwisha kumnyang'anya haki ya kuiita yake. Binti yake akijua haraka kama watoto wajuavyo. Mpaka mwisho, garini moshi, mama huyo amjibu kwa Kiswahili mwanamke anayeuza ndizi, tena kwa mzaha juu ya umaskini wake. Siijui sinema nyingine ya Maangamizi ambamo ukimbizi wapimwa kwa kiasi cha Kiswahili mtu alichonacho. Na kwa masikio yetu, lafudhi ya Jettel haichekeshi. Ni ya mtu aliyechelewa kushuka melini.

Nawaona wengine wakinijia na The Zone of Interest, sinema ya Jonathan Glazer ya mwaka 2023, wakiniambia kwamba yavunja kanuni yangu. Glazer ni Mwingereza, na wauaji wake wasema Kijerumani tupu. Christian Friedel ni Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz. Sandra Hüller ni mkewe Hedwig, mwenye bustani iliyopakana na ukuta wa kambi. Naam, yaivunja, nami nafurahi. Kamera ziliwekwa nyumbani na kufichwa, waigizaji wakaachwa watembee vyumbani pasi na fundi mbele yao, na Kijerumani wanachosema ni cha maua, cha uhamisho wa kazi, cha koti lililoletwa, cha watoto kwenda kulala. Sauti ya kambi yaja kutoka nyuma ya ukuta mchana na usiku, na hakuna anayeinua kichwa. Basi si lugha ya kigeni yenyewe iliyotuponya na hatia katika zile sinema nyingine, bali kubweka kulikotiwa ndani yake. Ondoa kubweka, na Kijerumani chawa karibu nasi kama Kiingereza cha Conspiracy. Kanuni yangu yabaki nusu: muuaji asipewe ugeni asiokuwa nao nyumbani kwake, akiwa amefasiriwa au akiwa katika lugha yake, ni mamoja. Na kwa marehemu Glazer amefanya jambo la ajabu. Wimbo wa Kiyidishi uliotungwa na Joseph Wulf, mfungwa wa Auschwitz, wapigwa kwa piano na msichana wa Kipolandi, na maneno yake yapita chini ya picha kwa maandishi. Hakuna mwigizaji anayeyaimba.

Jirani zetu wa Rwanda wamekwisha kuonja haya. Mauaji ya mwaka 1994 yalichochewa kwa Kinyarwanda, katika redio, kwa neno "inyenzi", yaani mende, likirudiwa kila siku. Na dunia iliyajua zaidi kwa Hotel Rwanda ya mwaka 2004, ambamo watu wa Kigali wasema Kiingereza na lafudhi ya Afrika isiyo na nchi. Mtu wa Kigali akiitazama asikia watu wake wakiuawa kwa sauti ambayo hakuna jirani yake aliyepata kuwa nayo. Jambo hilo lataka insha yake, nami nawaachia wanaojua Kinyarwanda vizuri kuliko mimi.

Levi amesimulia, katika kitabu chake cha mwaka 1963, habari ya mtoto aliyemkuta Auschwitz baada ya Warusi kufika. Alikuwa na umri wa kiasi cha miaka mitatu, amepooza miguu, na namba imechanjwa mkononi mwake. Hakuwa na jina. Wafungwa walimwita Hurbinek. Hakuna aliyemfundisha kusema. Mvulana wa Kihungari alimwuguza na kumsemesha, na baada ya siku chache mtoto alianza kutamka neno moja. Usiku wote wa banda walinyamaza wakamsikiliza. Walikuwamo watu wa lugha zote za Ulaya, kila mmoja akijaribu kulitafuta neno lile katika lugha yake: huenda ni jina lake, huenda ni mkate, huenda ni nyama. Hakuna aliyelifahamu. Alikufa mwanzo wa mwezi wa Machi 1945, na Levi ameliandika neno lile kwa herufi kadiri alivyoweza kulisikia.